Nyuso za Kijani

Kwenye hitima ya Bakari nilikaa mkekani karibu na lango, mahali pa mtu anayetaka kuondoka mapema. Pilau ilikuwa imeshaliwa, mashehe wameshaaga, na wanawake walikuwa uani wakirundika masinia karibu na bomba. Mkewe sikumwona, alikuwa ndani, amekaa eda. Nilikuwa natafuta viatu vyangu nitoroke, maana kutoroka ndiyo tabia yangu, Janeth alipotoka uani akijifuta mikono kwenye khanga, akaketi mbele yangu bila hata salamu na kuweka kitabu cha katuni juu ya mkeka. Nilikijua kabla hajakiweka. Kitabu kile nimekikwepa miaka yote hii, madukani, kwenye maktaba za shule, hata nyumbani kwa dada yangu ambako watoto walikuwa nacho nami nikajifanya nimepigiwa simu. Jalada lilikuwa limechakaa na kona zimekunjika. Chini, kwa herufi ndogo, yalikuwepo majina yetu matatu: hadithi ya Janeth, michoro ya Bakari, rangi za Daudi. Huyo Daudi ni mimi, na tangu kitabu kitoke sijawahi kukifungua, kwa aibu.

"Leo utakifungua," Janeth alisema. "Kama si kwa ajili yangu, basi kwa ajili ya marehemu."

Nikamwambia anipe dakika mbili nivute pumzi. Akakunja miguu, akaniangalia, akangoja. Na mimi, badala ya kuvuta pumzi, nikarudi kwenye ule mwaka.

Mambo ya ukoo wangu na wapi nilizaliwa nitayaacha, hayana msaada hapa. Nitaanza na sebule. Tulikuwa tumemaliza chuo, hakuna aliyetuajiri, na mimi na Bakari tulipanga chumba na sebule kwa mama mmoja pale Chimwaga ambaye alipenda wanafunzi kwa sababu hawana fanicha za kumkwaruzia kuta. Chumbani tulilala, sebuleni tulifanya kazi. Meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa chake hatukukitoa, kwa hiyo kila mgeni alijigonga kiwiko palepale. Dirisha halikuwa na kioo hata kimoja na upepo wa Dodoma, mnaoujua mnaujua, ulileta vumbi mpaka kwenye sukari. Bakari alikuwa na kanzu kuukuu aliyoifanya blanketi la kompyuta. Aliifunika kila jioni kama mama anayemfunika mtoto, halafu ndipo akaenda kuswali. Yeye alikuwa wa Tanga, mrefu, mtaratibu wa maneno, na mkono wake kwenye kibao cha kuchorea ulikwenda bila kusita. Janeth aliishi kwa shangazi yake mjini na alikuja asubuhi na mapema. Yeye aliandika hadithi na kupanga maneno kwenye visanduku vya michoro. Mimi nilitia rangi.

Sasa hapo ndipo kichekesho kilipo. Mimi sitofautishi nyekundu na kijani. Sikupata ajali wala ugonjwa, ndivyo nilivyozaliwa. Udongo, majani, ngozi ya mtu, ng'ombe mwekundu, kwangu vyote ni ndugu wa tumbo moja, vinatofautiana tu kwa weusi na weupe. Niligundua shule ya msingi, siku mwalimu aliponiuliza mbele ya darasa kwa nini bendera yangu ya taifa ina rangi ya matope, wenzangu wakacheka mpaka kengele ikalia. Tangu siku ile nilijifunza kujificha. Na mtu anayeficha jambo fulani wakati mwingine hulifuata jambo lilelile, sijui kwa nini. Nilipenda katuni kupita kiasi, kuchora sikuweza, nikaingia kwenye rangi kwa mlango wa nyuma. Ndani ya kompyuta nilitengeneza vijisanduku vya rangi na kila kimoja nikakiandikia jina: ngozi ya babu, ngozi ya binti, udongo, majani mabichi, ng'ombe wa kwanza, ng'ombe wa pili. Nilisoma majina, sikuangalia rangi. Wengine walidhani ni nidhamu ya kazi na mimi niliwaacha wadhani hivyo.

Kazi yetu ilikuwa moja tu. Mama Salome, mwenye kampuni ndogo ya vitabu vya watoto Dar es Salaam, alikuwa ameona kurasa chache za Bakari akazipenda. Alitupa mwaka: tukimaliza kitabu chote na akiridhika, atachapa na kutupa kingine; asiporidhika, kila mtu achukue vyeti vyake akazungushe maofisini. Hadithi ilimhusu Mele, binti wa Kigogo anayechunga na babu yake mwaka wa ukame. Kwa wenzangu kilikuwa kitabu. Kwangu mimi ilikuwa nafasi ya kujihakikishia kwamba yule mtoto wa bendera ya matope alikuwa mtu wa rangi kweli. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula.

Na chakula kilikuwepo, ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Jumamosi mchana tuliweka kurasa za wiki kwenye kompyuta, tukaweka ugali na mlenda katikati ya ule mlango, tukaanza kukosoana. Kanuni niliileta mimi. Niliileta kwa majivuno makubwa, maana nilikuwa nimechoshwa na Watanzania kwa upole wetu: mtu anakuonyesha kazi mbovu, unamwambia hongera, kazi nzuri, endelea hivyohivyo, halafu mkitoka nje mnamcheka. Nikasema hapa hatutavishana vilemba vya ukoka. Neno "nzuri" nikalipiga marufuku. Atakayelitamka ataosha vyombo vyote peke yake. Mwenye kazi asifungue mdomo mpaka wote wamesema, asijitetee, asieleze alikusudia nini, maana msomaji hatakuwa naye nyumbani kuelezwa. Wakimaliza, aseme asante. Bakari alicheka akasema kanuni hiyo ni ya kijeshi, lakini akaikubali, na Janeth akaikubali, na kwa miezi mingi vyombo vilioshwa kwa zamu kwa sababu hakuna aliyekosea.

Niliitumia kanuni ile kama fimbo. Leo nikikumbuka nasikia joto masikioni. Jumamosi moja Janeth alileta maneno ya sura ya tatu, mahali ambapo babu anamweleza Mele kwamba watauza ng'ombe mmoja. Nilimwambia maneno yake hayana mtu ndani, kwamba hakuna mzee wa Kigogo anayeongea kama tangazo la redio, kwamba kama ameshindwa kumsikia babu basi aache kurasa tupu tutaelewa zaidi. Yeye alikuwa amekamata mwiko. Aliukamata mpaka nilipomaliza, akasema asante kama kanuni inavyotaka, akatoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Bakari alinitazama tu. Nami nilijiona mtu mkweli kuliko wote mji mzima, nikajiongezea mlenda.

Kabla ya mvua tulikwenda Kolo kuangalia michoro ya mapangoni, kwa sababu Janeth alitaka babu amsimulie Mele habari za watu wa kale waliochora kwenye miamba. Tulipanda kilima na kijana wa kutuongoza, jua la utosini, Janeth akilalamikia viatu vyake. Tulipofika chini ya ule mwamba mkubwa wote wakanyamaza. Janeth akaweka mkono mdomoni. Bakari akasogea, akaanza kufuata mistari kwa kidole hewani bila kugusa, huku ananong'ona jina la Mungu. Mimi niliona jiwe. Jiwe la kijivu lenye madoa, na mahali pengine ukungu wa kitu, basi. Wekundu ule wanaousifu watu wa dunia nzima ulikuwa umezama kwenye mwamba na haukutaka kunitokea. Ningeweza kusema sioni. Badala yake nilinyoosha kidole kwenye doa moja kubwa nikasema, "Twiga huyu ameninyamazisha kabisa." Kijana wa kutuongoza alianza kusema kitu. Bakari akamkatiza kwa sauti, akamwuliza wapi zamani walipata maji, na mti ule unaitwaje, na njia ile inakwenda wapi, maswali mfululizo mpaka tukaanza kushuka. Baadaye sana nilielewa kwamba lile doa lilikuwa alama ya maji ya mvua.

Tuliporudi, Bakari alibadilika kidogo. Jumamosi ikifika na kurasa zangu zikiwa mezani hakuwahi tena kutaja rangi. Alisema hapa pana giza mno, hapa mwanga umetoka kushoto na hapa umetoka kulia, jua gani hilo. Alisema uso wa Mele umepoa, upashe. Kama kitu kilihitaji kubadilishwa alisema, "Tumia kile kijisanduku cha udongo," kwa jina, kana kwamba na yeye alikuwa anasoma. Janeth naye akaanza kusema hivyohivyo. Kuna siku niliwaza, huyu mtu anajua. Kisha nikajiambia hapana, angejua angesema, kanuni ni kanuni. Nikaongeza bidii kwenye vivuli. Vivuli nilikuwa naviona vizuri sana, pengine kuliko wao, na kivuli cha ng'ombe kwenye ardhi kavu saa nane mchana niliweza kukitia usingizini.

Na nyanya. Nilikuwa nimesahau nyanya. Zamu yangu ya sokoni ilipofika nilichagua nyanya kwa kuziminya, moja moja, na muuza nyanya akanitania kwamba mimi ni daktari wa nyanya. Mara nyingine nilileta mbichi. Janeth alizikata kimya akazichanganya na nyingine, akasema mbichi zinaongeza ukali kwenye mboga. Nilimwamini.

Mwishoni mwa mwaka, sura moja ikiwa imebaki, mama yake Bakari aliugua na Bakari akaenda Tanga. Aliacha michoro yote ya sura ya mwisho imekamilika. Kesho yake kompyuta ikaingiwa na virusi. Fundi wa mjini akaisafisha yote, akaweka programu mpya, akanirudishia akitabasamu. Michoro ilipona. Vijisanduku vyangu vilipona pia, ila majina yalifutika na mpangilio ukavurugika. Viligeuka kuwa vigae vya rangi vilivyopangwa ovyo. Kurasa za zamani ambazo ningeweza kulinganishia zilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa mfukoni mwa Bakari. Janeth alikuwa mjini kwa shangazi yake. Ningempigia simu nikamwambia njoo ukae hapa unitajie, kazi ya asubuhi moja. Ningekufa kwanza.

Nilikaa mbele ya vile vigae nikavipanga kwa weusi na weupe, cheusi zaidi mpaka cheupe zaidi, nikajiambia nimefanya kazi hii mwaka mzima, mkono unakumbuka. Hiki ni ngozi ya babu, hiki ni udongo. Na kusema kweli, nilipoanza kutia sikuwahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Sura ya mwisho mvua inakuja. Babu na Mele wamesimama mlimani na ng'ombe waliobaki, wingu linapita juu yao, na mwanga unawaacha na kuwarudia kisanduku baada ya kisanduku. Nilimaliza kurasa zote bila kumwonyesha mtu. Janeth alipokuja kuuliza nilifunika kompyuta kwa kanzu ya Bakari nikamwambia angoje Jumamosi, azione pamoja na Mama Salome. Nilitaka mara moja tu kitu kiwe changu bila msaada.

Jumamosi hiyo Mama Salome alikuja kutoka Dar, mwanamke mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Tulimwamkia shikamoo, akajigonga kiwiko kwenye kitasa, akacheka. Bakari alikuwa ameshuka kwenye basi asubuhi hiyohiyo, bado ana vumbi la safari, mama yake amepata nafuu. Siku hiyo palikuwa na kuku kwa heshima ya mgeni. Tukamweleza kanuni zetu, akasema amezipenda, laiti ofisini kwake watu wangenyamaza hivyo. Tukala. Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza wa sura ya mwisho, nikarudi nyuma nikakaa juu ya ndoo, mikono magotini, nikasubiri.

Wakakaa kimya. Nilifungua wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, na kimya hakikuvunjika, nami nilidhani ni kimya cha Kolo. Nilidhani nimewanyamazisha. Janeth ndiye wa kwanza kusema, kwa sababu ndiye mdogo wetu. Alisema mwanga wa wingu umekaa mahali pake. Akamwangalia Bakari, akasema hana jingine kwa sasa. Kisha Mama Salome akavaa miwani yake, akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta.

"Mimi nina swali, na najua mwenye kazi hatanijibu mpaka mwisho," alisema. "Kwa nini babu ni wa kijani?"

Nikaangalia. Niliona babu wa kahawia, babu yuleyule.

"Na binti naye," akaendelea, bila ubaya wowote, kama mtu anayefikiri. "Na ng'ombe. Na majani ndiyo mmeyafanya mekundu. Nimejaribu kutafuta maana, labda ni ukame, labda mnageuza dunia juu chini. Lakini mtoto wa darasa la tatu atauliza kama hawa watu wameoza."

Watu husema walitamani ardhi ipasuke. Mimi sikutamani ardhi ipasuke, nilitamani niwaone. Nilikaza macho kwenye ule uso wa babu mpaka yakaanza kutoa machozi, nikitafuta huo ukijani, nikaukosa, na huku nakaa kimya kwa kanuni niliyoitunga mwenyewe. Ilikuwa zamu ya Bakari. Alivua kofia akaishika. Akasema giza liko mahali pake na mwanga uko mahali pake, kwamba kompyuta iliingiwa na virusi, kwamba virusi huvuruga rangi, jambo hilo linajulikana. Alisema uongo kwa ajili yangu, yeye ambaye hakuwa na mazoea hayo, na aliusema vibaya, akigugumia. Halafu wote watatu wakanigeukia, maana zamu ilikuwa yangu, na neno nililopaswa kusema lilikuwa asante. Halikutoka. Nikakusanya sahani, hata ya Mama Salome ambayo ilikuwa bado na kipaja cha kuku, nikaenda nazo nje kwenye bomba.

Bomba lilikuwa chini ya dirisha lile lisilo na kioo. Nilifungua maji kidogo ili yasipige kelele, na kwa nini nilifanya hivyo najua: nilitaka kusikia. Bakari alikuwa akimweleza mgeni kwa sauti ya chini kwamba macho ya Daudi yana shida ya rangi, amejua tangu Kolo, mwaka mzima wamekwenda naye hivyohivyo na kurasa zimetoka salama. Mama Salome akauliza kama mwenyewe anajua kwamba wanajua. Bakari akasema hapana. Ndipo Janeth akasema, "Mimi nilijua zamani kuliko wewe. Nilijua kwenye nyanya."

Mama Salome akauliza kwa nini hawakumwambia, kwa kanuni kali zote zile. Kisha Janeth akasema, "Alikuwa anajivuna sana na ile meza yake. Tungemwambiaje?"

Nimewahi kutukanwa na watu wenye vyeo, nimewahi kufukuzwa nyumba, lakini hakuna maneno yaliyonivua nguo kama hayo. Ile meza ya ukweli, ambayo niliitumia kumliza Janeth, ilikuwa ya ukweli kwa kila mtu isipokuwa mimi. Mwaka mzima walinivisha kilemba cha ukoka kwa mikono laini kabisa, na yule msichana niliyemwambia maneno yake hayana mtu alikuwa anakata nyanya zangu mbichi kimya ili nisijue. Hawakunicheka. Laiti wangenicheka, ningejua pa kuiweka hasira. Niliona aibu ya macho yangu, kisha aibu ya mdomo wangu, na hii ya pili ndiyo haijaniacha.

Mama Salome alikuja bombani kunawa. Aliniambia kwamba kitabu atakichapa, kwamba akae mtu na mimi turudie rangi za sura ya mwisho, na kwamba si mwisho wa dunia. Nikajibu ndiyo mama, asante mama, uso wangu ukiwa ndani ya ndoo. Kesho yake alfajiri, Bakari akiwa msikitini, nilibeba begi langu nikapanda treni hadi Gulwe kwa mjomba, nikakaa huko nikimsaidia kuvuna mpaka simu zilipoacha kuita. Kitabu kilipotoka walinitumia nakala kwa basi. Niliipa jirani. Baadaye nilipata kazi bungeni ya kuandika wanayosema watu wengine, neno kwa neno, nyeusi juu ya nyeupe, na huko ndiko nilipo hadi leo. Bakari naye alirudi Dodoma, akaoa, akapata kazi ya kuchorea mabango. Tulikutana mara nyingi. Mji wenyewe ndio huu. Tuliulizana habari za watoto, za mvua, za bunge, na kila mara aliniaga akiwa ameshika mkono wangu kidogo zaidi ya kawaida, na mimi nikauvuta. Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda mpaka Janeth aliponipigia simu wiki iliyopita.

Sasa dakika zangu mbili zilikuwa zimekwisha zamani. Nikakivuta kitabu, nikakifungua kuanzia nyuma, kwenye sura ya mwisho. Babu na Mele mlimani. Wingu. Mwanga uliowaacha na kuwarudia. Nilivijua vivuli vyangu kama mtu anavyojua mwandiko wake. Nikamwambia Janeth aniambie kweli yote, kama mezani, mimi nitanyamaza.

Hakunionea huruma. Alisema sura za mwanzo rangi zake zimekauka, ngozi za watu zinafanana mno, unaona zimetiwa na mtu anayesoma majina. Alisema anga ya sura ya nne ni mbovu na hata watoto wake wanaiona. Alisema sura ya mwisho Bakari alibadili rangi tu, vivuli hakuvigusa hata kimoja, alikataa, akasema akivigusa ataviharibu. Kisha akafunga khanga yake vizuri, akaangalia lango.

"Na la mwisho. Macho yako hayajatuaibisha hata siku moja. Ulipoondoka bila kuaga ndipo ulipotuaibisha. Tulipewa kile kitabu cha pili, Daudi. Bakari akasema tusubiri wewe urudi. Tukasubiri mpaka Mama Salome akawapa wengine."

Sikuwa nalijua hilo. Nilifungua mdomo kujitetea, nikakumbuka kanuni, nikaufunga. Watu wawili watatu walipita wakitupa pole. Uani sinia lilianguka na mtu akacheka, akajizuia haraka kwa sababu ya msiba. Nikasema asante, neno lile ambalo lilikuwa limenikwama tangu ile Jumamosi, na sauti ilitoka mbaya. Kisha nikaweka kidole kwenye uso wa babu, nikauliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza mtu yeyote maishani mwangu.

"Huyu hapa ni wa rangi gani?"

Janeth akainama akaangalia, akachukua muda wake. "Kahawia," akasema. "Kahawia iliyokolea. Kama Bakari."

Niliangalia ukurasa ule mpaka ukawa na ukungu. Nilitafuta la kusema, giza, mwanga, kushoto, kulia, mambo yote tuliyofundishana, sikupata.

"Nzuri," nikasema.

"Vyombo vile pale," Janeth akasema.

Nikakunja mikono ya shati nikaenda uani. Wanawake walishangaa, mmoja akaniambia kaka acha tu, sisi tutaosha, mwingine akataka kuninyang'anya kitambaa. Janeth akawaambia waniache, ni zamu yangu. Nikafungua bomba, nikaanza na sinia la juu.